Gofu la Karavia

Kwa msomaji wa Unguja au wa Lamu, gofu ni nyumba iliyokufa: kuta zimebaki, paa limekwenda, mtini umeota palipokuwa sebule. Mweleze basi kwamba mjini Lubumbashi, katika mkoa wa Haut-Katanga, Golf ni upande wa mji unaokaliwa na wenye nazo, naye atadhani anafanyiwa mzaha. Ramani lakini ndivyo inavyosema. Iko Golf Plateau, iko Golf Météo, na huko huko iko Karavia, penye hoteli kubwa inayotazama ziwa pamoja na uwanja wa mchezo wa golf uliozipa mitaa hiyo jina. Neno lenyewe limesafiri safari ndefu. Lilianzia Scotland, ambako mwaka 1457 bunge liliupiga marufuku mchezo huo kwa sababu uliwasahaulisha vijana mazoezi ya upinde. Likapita katika Kiingereza, likaingia katika Kifaransa cha Wabelgiji, likaandikwa kwenye vibao vya mji wa shaba, na sasa liko kinywani mwa watu ambao wengi wao hawajawahi kushika fimbo ya mchezo huo wala hawaoni sababu ya kuishika. Mkazi wa Lubumbashi akisema fulani anakaa ku Golf, hazungumzii kipira cheupe. Anazungumzia ukuta mrefu, geti na mlinzi. Mchezo umebaki kule uwanjani. Neno limekwenda zake mjini kutafuta kazi nyingine.

Wanaisimu wetu huyaita maneno ya namna hii maneno ya mkopo, na jina hilo limetupotosha kidogo. Mkopo ni wa mwenye shida. Anayekopa amepungukiwa, anaona haya, na siku moja atadaiwa. Wahenga walikwisha kusema kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Ukilifuata jina hilo hadi mwisho wake, historia ya lugha inageuka orodha ya upungufu: watu hawakuwa na kitu fulani, kitu kikaja, jina likaja nacho. Kwa meza na leso, tulizopewa na Wareno, maelezo hayo huenda yakatosha. Kwa Lubumbashi hayatoshi hata kidogo. Ninachodai ni kwamba katika mji huu, tangu siku zake za mwanzo, imekuwepo nguvu nyingine iliyoyaingiza maneno na kuyatunza, nayo ni utamu: ile raha ya kukutana na neno lisilo la kawaida, kulionja mdomoni, kuligeuza upande wa pili, kisha kulitumia mahali ambapo mwenye neno hakutarajia kulikuta. Raha hiyo haikuwa pambo. Iligusa dini, kazi, ngoma na hata uandishi wa historia, na anayeipuuza anaachwa na maswali mengi yasiyo na jibu kuhusu mji wenyewe.

Tuanze na jambo linalosahaulika kwa urahisi, kwamba mji huu wa Kongo ya Wabelgiji ulizaliwa ukiwa na sauti ya Kiingereza. Elisabethville, kama ulivyoitwa hadi 1966, ulianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule ambao reli kutoka Rhodesia ilifika. Kampuni ya madini, Union Minière du Haut-Katanga, ilikuwa imeundwa mwaka 1906, na miongoni mwa wenye hisa zake ilikuwamo Tanganyika Concessions ya Robert Williams, Mskoti mzaliwa wa Aberdeen. Tanuru la Lubumbashi lilitoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911, likichomwa kwa makaa yaliyoletwa kutoka Wankie, kusini mwa mto Zambezi. Pauni za Kiingereza zilizunguka madukani. Sehemu kubwa ya Wazungu wa mwanzo hawakuwa Wabelgiji, na wafanyakazi wengi Waafrika waliandikwa kazi Rhodesia Kaskazini. Kwenye mashimo ya madini amri zilitolewa kwa Kiingereza au kwa Chikabanga, ile lugha ya migodini iliyopanda kutoka Afrika Kusini. Brussels iliingiwa na hofu kwamba sehemu tajiri kuliko zote ya koloni lake ingegeuka mkia wa Rhodesia. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyeichunguza habari hii katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu Kiswahili na mamlaka ya kikoloni, ameonyesha kwamba hofu hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu zilizokipa Kiswahili nafasi katika migodi na shule za Katanga. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya wenyeji wa hapo. Kilikuwa kimefika na misafara ya biashara, siku za ufalme wa Msiri huko Bunkeya, kikaongezewa nguvu na vibarua walioletwa kutoka Maniema na kaskazini. Wakoloni walikitaka kiwe boma la kuizuia lugha ya kusini. Boma hilo likajengwa, na maneno ya Kiingereza yakaingia kupitia mlango wake mkuu, yamevaa viambishi vya Kiswahili.

Hapa pana pingamizi la kwanza, tena zito. Mtu atauliza: unawezaje kuongea habari za utamu mahali ambapo maneno yaliingia kwa kiboko? Neno boyi halikuchaguliwa na mtu mzima aliyeitwa hivyo kila asubuhi na mke wa bwana. Tiketi, ambayo katika migodi ya kusini ilikuwa karatasi ya kuhesabia siku 30 za kazi, ilikuwa hesabu ya jasho. Pingamizi hili ni la kweli, na sikusudii kulizunguka. Shuruti ilikuwepo, na haja pia ilikuwepo: asiyejua neno la amri aliweza kuangukiwa na jiwe. Lakini tutofautishe kuingia na kukaa. Shuruti inaeleza neno liliingiaje. Haielezi lilifanya nini lilipokwisha kuingia. Tazama neno la Kiingereza la meli ya moshi. Katika Kiswahili cha pwani likawa stima, na maana ikabaki majini. Wabemba wa Zambia wakalipandisha nchi kavu, shitima ikawa gari la moshi. Kenya ikaliingiza ndani ya nyumba, na leo mtu wa Nairobi akilalamika kwamba stima imepotea, anamaanisha umeme. Hakuna bwana aliyetoa amri kwamba mambo yawe hivyo. Watu waliona mshabaha, moshi hapa na mtambo pale, wakavuta neno kama mtoto anavyovuta gari la makopo, na njia zikaachana. Haja ingetosheka na maana moja. Maana ya pili na ya tatu ni mazao ya mchezo, na mchezo hauamriwi na mtu.

Ushahidi mkubwa zaidi wa Lubumbashi uko katika kijitabu chembamba kilichopigwa chapa kwa mashine na kurudufishwa mwaka 1965. Mtungaji wake ni André Yav, naye alikiandika kwa niaba ya watumishi wa zamani wa majumbani, yaani watu walioitwa maboyi. Ndani yake mna historia: mfalme Leopold wa Wabelgiji, Msiri, kuja kwa Wazungu, kazi, mishahara, posho, tabia za mabwana. Lugha yake ni Kiswahili cha mji huo. Jina lake hata hivyo ni la Kifaransa, na neno la kwanza la jina hilo ni Vocabulaire, yaani msamiati: msamiati wa mji wa Elisabethville. Fabian alipokichapisha upya mwaka 1990, akisaidiwa na Kalundi Mango, alieleza taabu ya kukisoma. Maneno yamekatwa na kuunganishwa bila kufuata desturi ya maandishi tuliyoizoea, hata ikabidi kisomwe kwa sauti ndipo kieleweke, kwa kuwa mwandishi wake aliandika kama anayeongea. Kwa nini mtu anayesimulia miaka 50 ya mji wake akiite kitabu chake msamiati? Anayetazama upungufu tu atasema mwandishi alikosea neno; alitaka kusema historia, Kifaransa kikampiga chenga. Mimi naona vingine. Vocabulaire lilikuwa jina la vile vitabu vidogo ambavyo Mzungu mgeni alipewa ili ajifunze kumwambia mtumishi lete maji, osha gari, funga mlango. Mtumishi alikiona kitabu hicho mezani miaka nenda rudi, na huenda alikipangusa vumbi. Alipopata nafasi ya kuandika chake, mabwana wakiwa wamekwisha kuondoka, alichukua jina lilelile akaliweka juu ya habari zake mwenyewe. Sasa yeye ndiye anayefundisha maneno, na wa kujifunza ni sisi. Kama huko ni kukosea, basi ni kukosea ambako mshairi yeyote angekutamani.

Raha ya namna hiyo haikumngoja Yav. Osumaka Likaka, mwanahistoria Mkongo aliyetoa kitabu kuhusu majina ya utani ya wakoloni mwaka 2009, ameonyesha jinsi vijiji vya Kongo vilivyowabatiza Wazungu kwa majina yenye picha kali, na jinsi majina hayo yalivyokuwa kumbukumbu, onyo na kisasi kwa pamoja. Maarufu kuliko yote ni Bula Matari, mvunja mawe, jina alilopewa mpelelezi Stanley alipopasua njia kuukwepa mto Kongo wenye maporomoko, na ambalo baadaye liliihamia serikali nzima. Katanga iliongeza lake. Katika kumbukumbu za wafanyakazi, Union Minière na wakubwa wake waliitwa Changa-Changa. Sikio la Kiswahili linasikia humo kuchanga na kuchanganya: mwenye kukusanya watu kutoka kila kabila na kuwatia katika chungu kimoja, kama shaba na bati. Neno hilo halijibu haja yoyote, kwa sababu kampuni ilikuwa na jina lake, limeandikwa getini. Waliolibuni na waliolirithisha walifurahia kuwa na jina ambalo mwenyewe hakujipa, jina linaloweza kutamkwa mbele yake akatabasamu. Na hapo ndipo tunapoona kwamba utamu na ukali wa maisha havikuwa vinafukuzana. Mtu asiye na mamlaka juu ya saa zake, mshahara wake wala chumba chake cha kambini, alibaki na mamlaka juu ya kitu kimoja, nacho ni jina atakalokiita kinachomtawala.

Neno kutawala lenyewe linatufikisha kwenye mfano ambao singethubutu kuubuni. Mwaka 1908 Elliot Kamwana alihubiri Nyasaland mafundisho aliyoyapata kwa jumuiya ya Kimarekani iitwayo Watch Tower, yaani mnara wa mlinzi. Baada ya vita vya kwanza vya dunia mafundisho hayo yalienea Rhodesia Kaskazini, na mwaka 1925 Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, aliyavusha mpaka hadi Katanga, akawaua kwa kuwazamisha majini watu aliodai ni wachawi. Mwaka uliofuata Waingereza walimnyonga. Jina la dini likabadilika njiani. Neno la mnara, tower, lilipopita katika vinywa vya Kibantu lilipata irabu na mkia, likawekewa kiambishi ki- kama lugha au desturi, na likatoka likiwa Kitawala. Mtu yeyote ajuaye Kiswahili analisikia papo hapo: hii ni habari ya utawala. Mnara ulikuwa umetoweka, na mahali pake pamesimama ahadi kwamba waliotawaliwa watatawala. Wakuu wa koloni walilisikia vilevile, wakaogopa, wakapiga marufuku. Na uasi wa Masisi wa mwaka 1944, huko Kivu, ulichota moto wake humo. Sisemi kwamba mzaha wa sauti ndio ulioleta uasi. Kodi, kazi za lazima na dharau vilitosha. Ninasema kwamba kundi lililokuwa na jina la Kiingereza lisiloeleweka lilipata, kwa bahati ya silabi mbili tatu, jina linalojieleza lenyewe, na kwamba bahati hiyo haina faida kwa watu wasiopenda kuyageuzageuza maneno. Anayelitumia neno kama kijiko haangalii nyuma yake pameandikwa nini. Anayelipenda huligeuza, na nyuma ya Watch Tower palikuwa pameandikwa kutawala.

Ngoma nayo inashuhudia. Beni, ambayo jina lake ni neno la Kiingereza la bendi, ilianzia pwani, Lamu na Mombasa, kuelekea mwisho wa karne ya 19. Ikabebwa na maaskari na wachukuzi wa vita vya kwanza, hadi ikafika kwenye miji ya migodi, Elisabethville ukiwa mmojawapo. Terence Ranger, aliyeiandikia historia yake mwaka 1975, alionyesha kwamba beni ilikuwa pia chama cha kusaidiana, cha kuzikana na kuuguzana. Lakini chama hicho kingeweza kufanya kazi hizo bila kuwa na mfalme, gavana na jenerali wa kuchezesha. Vyeo hivyo vya kigeni vilikuwa anasa ya ulimi kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na watu waliviandalia sare na paredi.

Fabian huyuhuyu alilifikiria suala hili waziwazi katika makala yake ya mwaka 1982 kuhusu maneno yaliyoingia katika Kiswahili cha Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati wa rais Mobutu. Alikataa maelezo ya upungufu, akapendekeza tuuangalie ukopaji wa maneno kama tunavyouangalia ushairi. Miaka kumi na minne baadaye mwanaisimu Vincent de Rooij alileta ushahidi ulio mgumu kuupinga. Alichunguza mazungumzo ya Kiswahili ya mji huo na kukuta yamejaa viunganishi vya Kifaransa: mais, puisque, donc. Sasa, kama lipo eneo ambalo Kiswahili hakijapungukiwa na chochote, ni hili. Tunayo lakini, tunayo kwa sababu, tunayo kwa hiyo, na watu wa Lubumbashi wanayajua yote. De Rooij alieleza kwamba neno la kigeni, kwa kuwa ni la kigeni, linang'aa kwenye kiungo cha maneno: linamwonyesha msikilizaji kwamba hapa hoja inapinda, hapa sababu inaanza. Ni kama fundi anayeshona shati jeupe kwa uzi mweusi ili mshono uonekane. Uzi mweupe alikuwa nao.

Pingamizi la pili ni la heshima, na linahusu majivuno. Neno adimu, watasema, ni fimbo ya kuwapiga wasiosoma. Historia ya mji inawaunga mkono kwa kiasi fulani. Kuanzia 1948 serikali ya kikoloni ilitoa kadi ya sifa ya kiraia kwa Waafrika iliowahesabu kuwa wameendelea, na mwaka 1952 ikaongeza utaratibu mwingine wa kuwaandikisha wachache watakaohesabiwa karibu sawa na Wazungu. Lugha ilikuwa kipimo kimojawapo cha ustaarabu huo, na Kifaransa kizito kikawa joho la mtu aliyepita. Wapo waliosema ili wasieleweke, na wapo hadi leo, kwenye mimbari na kwenye kampeni. Siwatetei. Lakini tusimlaumu ng'ombe kwa kosa la mchungaji. Pwani yetu imeishi na maneno magumu kwa karne kadhaa. Malenga wa Lamu na Mombasa walikuwa wakichota maneno ya Kingozi, lugha ya kale ambayo hata wasikilizaji wao hawakuizungumza tena, na siku za Muyaka bin Haji, mapema katika karne ya 19, fumbo lilitupwa hadharani ili watu walifumbue. Neno lililofichika lilikuwa mwaliko: atakayelipata atajibu, na asiyelipata atamwuliza jirani, na jioni nzima itakuwa imepatikana. Tofauti kati ya fumbo na fimbo ni kama mlango umeachwa wazi au umefungwa.

Lubumbashi inao mfano wake wa mlango ulioachwa wazi. Mwaka 1986 Fabian, akiwa mjini humo, aliusikia msemo wa Kifaransa wenye kisa cha Kibantu ndani yake, kwamba madaraka huliwa mazima, akauliza maana yake. Aliowauliza walikuwa kundi la maigizo la Mufwankolo, lililokwisha kujulikana nchini kwa michezo yake ya kuchekesha kwa Kiswahili cha mji. Wangeweza kumjibu kwa sentensi mbili. Badala yake waliufanya msemo huo mchezo mzima, wakabishana juu yake mazoezini, wakaupeleka kijijini nje ya mji ukachezwa na kupigwa filamu, na kutokana na kazi hiyo kikatoka kitabu mwaka 1990. Nani anayekula? Anakula peke yake au na nduguze? Akimeza kizima, kitampalia? Maneno machache yaliyokuwa na giza yalitoa chakula cha wiki nyingi, na kila aliyekaribia alipata fungu lake. Hapo majivuno hayakupata pa kukaa.

Pingamizi la tatu ni la walinzi wa Kiswahili sanifu, na kwa kawaida hutamkwa kwa huzuni zaidi kuliko hasira: kwamba lugha ya Lubumbashi, pamoja na bantu wake (watu), bukari wake (ugali) na donc zake, imeharibika, kwamba Kindubile, msimbo wa vijana wake uliofuata nyayo za Indoubill ya Kinshasa iliyochangamshwa na sinema za wachunga ng'ombe wa Marekani, ni mwisho wa maneno yote. Jibu ni kwamba usanifu ni uamuzi wenye tarehe. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja, na kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka 1930, ikizihudumia nchi nne zilizokuwa chini ya Waingereza. Katanga haikualikwa. Haiwezekani kumhukumu mtu kwa kuvunja mkataba ambao hakuitwa kuutia sahihi. Tena Kiswahili kilichosanifiwa kilikuwa tayari kimeshiba vya watu: kitabu cha Waarabu, serikali ya Waajemi, leso ya Wareno, shule ya Wajerumani. Unguja penyewe watoto walikuwa na kinyume, mchezo wa kupeleka silabi ya mwisho mbele ili wakubwa wasielewe, na hakuna aliyelia kwamba Kiswahili kimekufa. Nakubali jambo moja, kwamba mtoto wa Lubumbashi anahitaji pia Kiswahili ambacho mtu wa Dodoma au Kisumu atakielewa bila mkalimani. Kumfundisha hicho ni kumwongezea chumba. Kumwambia kwamba nyumba aliyozaliwa ni banda ni jambo jingine, na mtu aliyeaibishwa kwa maneno yake ya kwanza hana sababu ya kuyapenda mengine.

Kiingereza sasa kinarudi katika mji huo kwa njia ileile kilichopitia mwanzo. Malori yanapanda kutoka Afrika Kusini na Zambia kupitia Kasumbalesa, na tangu sheria ya madini ya mwaka 2002 makampuni ya kigeni yamekuja na mikataba, vifaa na vifupisho vyao. Wapo wanaotabiri kwamba safari hii kitameza kila kitu. Historia haitoi hakikisho, lakini inatoa kipimo. Pauni ya Kiingereza ilikwisha kuondoka madukani. Chikabanga haisikiki tena mashimoni. Union Minière, yule Changa-Changa mkusanya watu, ilipoteza migodi yake ya Kongo kwa taifa ilipoanza 1967. Waliodhani neno lao limekuja kutawala wameondoka, na neno limebaki likitumikia wengine, kwa maana ambazo hawakuziwaza.

Ndiyo maana yule msomaji wa Unguja hakukosea sana alipolicheka lile jina. Neno la kigeni ni gofu kweli: jengo la mtu aliyekwenda zake, kuta zimesimama, mwenyewe hayupo wa kueleza chumba hiki kilikuwa cha nini. Magofu ya Kilwa na Gedi tumeyazungushia ua, tunakwenda kuyatazama Jumapili. Kwa magofu ya maneno, watu wa Lubumbashi wamefanya tofauti. Wameingia ndani, wametoboa dirisha upande walioutaka, wameezeka kwa bati la kwao, na jikoni moshi unafuka.